Tarehe 26 Oktoba na Mwisho wa Ndui

Kalenda hukutanisha matukio yasiyohusiana. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Tarehe hiyohiyo mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Tukio moja halielezi lingine hata kidogo. Historia ya tiba, hata hivyo, inayo tarehe ambayo matukio yake mawili yalikutanishwa kwa makusudi, nayo ni 26 Oktoba.

Mwaka 1977 Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, pwani ya Somalia. Tarehe 12 Oktoba gari lililowabeba watoto wawili wenye ndui lilifika likiulizia kambi ya kuwatenga wagonjwa. Maalin alipanda garini ili awaonyeshe njia. Safari hiyo ilikuwa ya dakika chache tu. Siku 10 baadaye alishikwa na homa, akatibiwa malaria. Tarehe 26 Oktoba upele ulimtokea, na safari hii ikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga. Ndui ilitambuliwa tarehe 30, baada ya wageni wengi kumtembelea.

Ajabu ni kwamba Maalin aliwahi kufanya kazi kwa muda katika kampeni ya chanjo ya ndui, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Baadaye alisimulia kuwa aliogopa maumivu ya kuchanjwa. Aliyefanya kazi karibu na chanjo kila siku ndiye aliyebaki bila chanjo, jambo ambalo wasimamizi wa vituo vya afya hawatalishangaa.

Makosa yale mawili ya utambuzi yanastahili kutazamwa kwa makini. Homa ya ndui hutangulia upele kwa siku mbili hadi nne, na katika pwani ya Afrika Mashariki homa isiyo na upele hupewa jina la malaria kabla ya lingine lolote. Upele unapotokea, mahali ulipo na hatua uliyofikia ndivyo vya kuangaliwa. Tetekuwanga hujaa zaidi kifuani, tumboni na mgongoni, na vipele vyake huwa vya hatua mbalimbali kwa wakati mmoja: kimoja kinaanza, kingine kina maji, kingine kimekauka. Ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, hufika hadi viganjani na kwenye nyayo, na vipele vya sehemu moja ya mwili hukomaa kwa pamoja. Maarifa haya hayajapitwa na wakati. Mpox, ugonjwa wa jamii moja ya virusi, nao hutoa upele viganjani na kwenye nyayo, na watu waliozaliwa baada ya chanjo ya ndui kusimamishwa hawana kinga ambayo chanjo hiyo iliwapa wazazi wao.

Baada ya ugonjwa kutambuliwa, watu waliokutana na Maalin walitafutwa na kufuatiliwa mmoja mmoja, na katika muda wa wiki mbili watu 54,777 walichanjwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Maalin mwenyewe alipona, kwa kuwa ndui iliyokuwapo Somalia ilikuwa ya aina hafifu. Ile kali iliua takriban watu 30 kati ya kila 100 walioipata.

Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusema siku ile kwamba ndui imekwisha. Kutoonekana kwa mgonjwa si ushahidi kwamba hayupo, hasa katika nchi yenye wafugaji wanaohamahama, tena wakati ambapo Somalia na Ethiopia zilikuwa vitani katika Ogaden. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeweka kanuni: pahitajika miaka miwili ya msako baada ya mgonjwa wa mwisho. Hesabu yake si ya kubahatisha. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua huchukua wiki mbili hivi, kwa hiyo miaka miwili ina zaidi ya vipindi 50 vya namna hiyo. Virusi hivi havina mnyama wa kujificha ndani yake. Ili viendelee kuwapo, lazima vipite kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mnyororo wa watu 50 usioonwa na yeyote, huku nyumba kwa nyumba na kambi kwa kambi zikikaguliwa, ni vigumu kuuamini. Mwaka 1978 ilitangazwa hata zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeripoti mgonjwa wa kweli. Mwaka huohuo ndui iliua mtu mjini Birmingham, Uingereza, lakini virusi vile vilitoka maabara.

Basi tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili tangu upele wa Maalin, ilitangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesafika na ndui. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulithibitisha kutokomezwa kwake ulimwenguni kote tarehe 8 Mei 1980.

Maalin alizeeka akiwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi waliosita habari za ugonjwa wake. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alikwenda tena kazini. Alifariki Julai mwaka huo, kwa malaria.