Ugeni wa Chuo Kikuu na Msaada wa Rika



Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, familia nyingi za parokia zetu huaga kijana anayekwenda kuanza chuo kikuu. Jumuiya husali, ndugu huchanga, mama hufunga mzigo, na baba humsindikiza mpaka stendi ya mabasi. Baada ya hapo wengi wetu huona kwamba kazi kubwa imekwisha: nafasi imepatikana, ada imelipwa, mtoto amefika. Kumbe kwa kijana mwenyewe ndipo huanza shida nyingine, isiyoandikwa katika barua ya kujiunga. Ni shida ya kujiona mgeni na kujiuliza kimoyomoyo, "Hivi mimi ni mtu wa hapa kweli?"

Mwezi huu tunaeleza hali hiyo inatoka wapi, inavyoweza kuudhuru mwili na masomo, na kwa nini mtu wa kwanza kuiponya mara nyingi si daktari wala mzazi, bali ni mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili.

UGENI HUU UNATOKA WAPI?

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Katika darasa kama hilo, juma la kwanza likiisha kila mtu amekwisha kujulikana kwa jina. Siku hizi, katika vyuo vikuu vingi, ukumbi mmoja hukusanya mamia ya wanafunzi. Mhadhiri huzungumza kwa kipaza sauti, humaliza, hutoka. Asiyefika darasani hakuna anayeuliza yuko wapi.

Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kata anajikuta kati ya mamia waliokuwa wa kwanza katika shule zao. Wengine wamesoma shule za Kiingereza tangu utotoni, naye kila anapotaka kuuliza swali hulitunga kwanza kichwani, na akishalitunga somo limekwisha kupita. Mwingine anasubiri fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, zile ambazo wanafunzi huziita "bumu", huku wenzake wakienda kula. Mwingine hana nafasi bwenini. Mwingine katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, hivyo hana wa kumwuliza hata jambo dogo.

Jambo linalozidisha ugumu ni hili: kila mmoja huficha. Kijana huona nyuso za wenzake zimetulia, akadhani yeye peke yake ndiye mwenye hofu. Hajui kwamba wenzake nao wanamtazama yeye na kufikiri hivyo hivyo. Basi hupata alama ya chini katika jaribio la kwanza, na badala ya kusema, "Jaribio hili limenishinda," husema, "Mimi sikustahili kuja hapa." Hapo ndipo hatari ilipo.

MWILI NAO UNASIKIA

Mungu ameuumba mwili wetu uweze kujihami. Mtu akikutana na nyoka, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, sukari huongezeka katika damu, na tumbo husimamisha kazi kwa muda. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Lakini mtu anayejiona hana mahali pake anakuwa kama aliye na nyoka chumbani kila siku. Usingizi hupungua, kichwa huuma, tumbo huvurugika, hamu ya chakula hupotea au huzidi, na kinga ya mwili hudhoofika. Kijana huenda zahanati mara kwa mara, hupimwa malaria na taifodi, na hakuna kinachoonekana. Wakati huohuo akili iliyojaa wasiwasi haishiki masomo, alama hushuka, na wasiwasi huzidi.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2010 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizowahusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba watu wenye uhusiano mzuri na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa kiasi cha asilimia 50, kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa dhaifu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke.

NENO LA ALIYETANGULIA

Mwaka 2011 watafiti Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha katika jarida la Science jaribio walilofanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Liliwahusu wanafunzi 92 wa mwaka wa kwanza, weusi na weupe. Baadhi yao walipewa kusoma maelezo ya wanafunzi waliowatangulia, yakieleza kwamba nao mwanzoni walijiona si watu wa pale, na kwamba hali hiyo ilipita kadiri walivyozoea. Kisha kila mmoja aliandika jinsi yaliyompata yeye yanavyofanana na hayo, akayasema mbele ya kamera ili yawasaidie watakaokuja baadaye. Kazi yote ilichukua kama saa moja.

Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitatu. Wanafunzi weusi walioshiriki waliinua alama zao, hata tofauti kati yao na weupe ikapungua kwa nusu. Walijiona wenye afya bora zaidi, na walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao weusi ambao hawakupewa maelezo hayo.

Saa moja ile haikuondoa ubaguzi wala haikumlipia mtu ada. Siku mbaya zilibaki kuwa siku mbaya. Kilichobadilika ni maana yake: alama ya chini haikuwa tena hukumu kwamba mtu hafai, bali jambo la kawaida linalowapata wageni na kupita. Kwetu sababu za ugeni ni nyingine, kama lugha, umaskini na ukubwa wa madarasa, lakini swali linaloumiza ni lilelile.

Mbona mzazi hawezi kusema neno hilo likafanya kazi hivyo hivyo? Anaweza, na aseme. Lakini kijana hujibu moyoni, "Baba hajui kulivyo huku." Mwenzake wa mwaka wa pili hawezi kujibiwa hivyo. Alikaa kwenye kiti kilekile, akashindwa jaribio lilelile, na bado yupo. Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika makabila mengi kijana hakupelekwa jandoni peke yake. Aliingia na wa rika lake, na pembeni walikuwapo waliokwisha kupita.

MWENZI WA RIKA AFANYE NINI?

Kwanza, amtafute mgeni mapema, katika siku za mwanzo, asisubiri atafutwe. Amwonyeshe mahali pa kujiandikisha, maktaba, zahanati, na kwa mama lishe mwenye chakula cha bei nafuu.

Pili, amweleze ukweli wa mwaka wake wa kwanza, pamoja na yaliyomshinda na jinsi alivyoyavuka. Anayejisifu tu humwongezea mgeni hofu.

Tatu, amwingize katika kikundi kidogo cha kujisomea, watu watano au sita, chenye siku na saa maalumu. Katika kikundi kama hicho mtu asipofika huulizwa, na kuulizwa huko ni dawa.

Nne, arudi kwake baada ya matokeo ya majaribio ya kwanza, maana shaka hurudi wakati huo kwa nguvu.

Wanafunzi wa Dar es Salaam kwa miaka mingi wamekuwa na neno "kubebana": aliyepata chumba kumpokea asiyepata. Moyo wa neno hilo ndio tunaouzungumzia hapa, hata pasipo na shida ya kitanda.

CHUMBA KIMOJA CHA WATAKATIFU WATATU

Kanisa lina mfano wake. Mwaka 1529 Ignasi wa Loyola, aliyekwisha kupita umri wa miaka 35, alihamia Chuo cha Sainte-Barbe huko Paris. Alikuwa mgeni, amewazidi wenzake umri, na masomo yalimpa taabu. Alipangwa chumba kimoja na vijana wawili waliomtangulia, Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Faber, aliyekuwa mchungaji wa kondoo utotoni, alimsaidia Ignasi katika masomo. Ignasi naye alimsaidia Faber, aliyekuwa akiteswa na mahangaiko ya dhamiri. Aliyesaidia akasaidiwa. Leo wote watatu ni watakatifu. Faber alitangazwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2013.

MIPAKA YA MSAADA HUU

Rafiki si daktari. Huzuni, kukosa usingizi, kujitenga na kushindwa kusoma vikidumu zaidi ya majuma mawili, mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi. Mwenzi amsindikize, asimtume tu.

Akisema kwamba maisha hayana maana au kwamba anataka kufa, lichukuliwe kwa uzito. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo; humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, na mtu mzima aambiwe siku hiyohiyo. Siri hutunzwa, lakini siri inayoweza kuua haitunzwi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Yafaa pia kuangalia ni rika gani. Kundi linalomkaribisha mgeni kwa pombe au kwa kamari ya mpira nalo humpa mahali pa kukaa, na ndiyo sababu vijana wapweke hunaswa upesi. Tusishangae kwamba amepotea kama hatukumwonyesha mlango mwingine.

WAZAZI NA PAROKIA

Ndugu wazazi, mnapopiga simu msianze na alama. Maneno kama "Tumeuza ng'ombe kwa ajili yako" au "Wenzako wanawezaje?" humfundisha mtoto kuficha. Mwulizeni, "Leo umekula na nani?" Akitaja jina, shukuruni Mungu. Akikosa jina la kutaja juma baada ya juma, hapo pana kazi.

Na kazi hiyo inaweza kufanywa kabla ya safari. Katika kila parokia wapo vijana wanaorudi likizo kutoka vyuoni. Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo aulize ni nani anakwenda chuo gani, na nani yuko huko tayari. Wakutanishwe baada ya Misa, wapeane namba za simu, na yule mkubwa aahidi kumpokea mdogo wake siku atakayofika. Baba Paroko anaweza kumwarifu padre mlezi wa chuo hicho, na kijana aelekezwe kwa umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa vyuo, TMCS.

Musa alipochoka mikono vitani, Haruni na Huri waliishikilia mpaka jua likatua. Hawakupigana badala yake, wala hawakumhubiria. Walisimama kando yake, mmoja huku na mmoja huku. Kijana wako akiwa na mmoja tu wa namna hiyo katika majuma ya kwanza, anaweza kuivuka miaka mitatu au minne inayofuata.