Kuzihifadhi Picha Zetu Wenyewe

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, waliipiga picha barafu ya Kilimanjaro, na Klute akaichorea ramani. Kutokana na kazi hiyo tunajua kwamba barafu ilienea kiasi cha kilometa za mraba 11.4, kufikia mwaka 2011 zilibaki 1.76 tu. Pasipo kumbukumbu ile, upungufu huu usingepimika.

Leo mwanafunzi wa Moshi aweza kuipiga picha Kibo kila asubuhi kwa simu. Lakini simu ikipotea, picha nazo hupotea. Zikiwekwa katika kompyuta za kampuni ya ng'ambo, kampuni ndiyo ipangayo ada na masharti.

Njia nyingine ni kujihifadhia. Kompyuta moja ya shule huwekewa programu huria, kama vile Piwigo au Immich, yaani programu ambayo maandishi yake ya msingi yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Simu huipelekea picha kwa mtandao wa ndani, bila kutumia intaneti. Programu huisoma tarehe iliyoandikwa ndani ya picha na kuipanga mahali pake. Diski ya megabaiti milioni moja huchukua picha 250,000 za megabaiti 4 kila moja.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kila diski huharibika siku moja. Kwa hiyo nakala ya pili ni ya lazima, nayo ikae katika jengo jingine. Ajihifadhiaye hana mwingine wa kumlaumu.