Ukinunua darubini, usivutwe na namba kubwa

Miaka michache nyuma, jioni ya tarehe 29 Shaabani, nilipanda juu ya paa la nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, na darubini mpya shingoni. Nilikuwa nimeinunua mjini kwa shilingi 3,500. Ubavuni imeandikwa 20x50. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Hii yavuta mara ishirini, mwezi utauona kama uko sebuleni kwako."

Tulikuwa watu sita, sote tumeelekea upande wa Changamwe. Jua lilipozama nikaiweka machoni. Kila nilichokitazama kilikuwa kikicheza kama mashua kwenye mawimbi, tena kina giza. Kando yangu alikuwa ami yangu, baharia mstaafu, na darubini yake kuukuu ya 7x50 iliyobanduka rangi. Muda si muda akasema, "Ule pale, mwanangu. Juu ya mnara, kushoto kidogo." Nikahangaika kuutafuta kwa mara ishirini zangu, wapi! Mwisho aliniazima yake, ndipo nikauona, mwembamba kama uzi, kabla haujatua.

Usiku ule nilimuuliza ilikuwaje. Aliyonieleza, na niliyojifunza baadaye, ndiyo haya.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza. Darubini yangu, 50 kwa 20, inatoa 2.5. Ya ami, 50 kwa 7, inatoa saba na kidogo. Jibu hilo ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika jichoni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana ikawa milimita mbili au tatu, kwa hivyo 2.5 yatosha. Giza likianza kuingia mboni hufunguka, na kwa kijana yaweza kufika kama 7. Umri ukisonga hupungua. Wakati wa magharibi na alfajiri, basi, darubini ya 2.5 inalinyima jicho mwanga.

La pili ni upana wa unachokiona. Mwezi angani una upana wa nusu digrii tu. 7x50 ya kawaida hukuonyesha kama digrii saba za anga kwa mara moja, na 20x50 kama tatu. Kadiri unavyokuza, ndivyo dirisha linavyokuwa dogo, na hilali huna dakika nyingi za kuitafuta. La tatu ni mkono. Mtikisiko wa mkono nao unakuzwa. Ukipita mara 10, wengi wetu hatuwezi kuituliza bila ya stendi.

Hili si la mwezi peke yake. Tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya mwaka 1977, mgeni anayekuja kwa ajili ya wanyama na ndege huja kutazama, na kijana wetu anayemwongoza hula kwa macho yake. Wako vijana wanaotembeza wageni hori ya Mida, mdomo wa mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 hivi, na hujificha kwenye kichaka chenye giza. Kwa kazi hiyo 8x42 ndiyo inayofaa zaidi: inatoa 5.25, ni nyepesi kuvaa kutwa, na dirisha lake ni pana. Nahodha kwenye chombo kinachoyumba atafaidi 7x50.

Ukifika dukani usinunue ndani ya boksi. Omba utoke nayo mlangoni, ufanye haya:

Tazama ukingo wa paa au waya wa stima ulio mbali. Ukiuona mara mbili, au ukihisi macho yanavutana, vioo havikulingana. Irudishe.

Ishike mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga. Utaona viduara viwili vyeupe kwenye vioo vya nyuma. Viwe vya mviringo kamili. Vikiwa na pembe za kijivu, vioo vya ndani ni vya bei ya chini.

Tazama kioo cha mbele. Utando mzuri hung'aa kijani au zambarau hafifu. Kile chekundu kama kioo cha taa ya nyuma ya gari ni cha kupendezesha, kiache. Iache pia ile inayojigamba kukuza kutoka mara 10 hadi 30. Kwa bei ya chini, haifanyi vizuri hata moja.

Ukivaa miwani, ijaribu ukiwa umeivaa.

Kwa sisi wa pwani, uliza kama haiingii maji na kama imejazwa gesi ya nitrojeni ndani. Joto na unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya vioo, na ikishaota ni hasara. Ukitoka baharini usisugue chumvi iliyokauka, itakwaruza kioo. Ipanguse kwanza kwa kitambaa laini chenye maji baridi yasiyo ya chumvi.

Na jambo moja halina mjadala. Usiielekeze darubini magharibi kabla ya jua kuzama lote. Jua kupitia darubini laweza kuunguza jicho kwa mpepeso mmoja, na jicho lililoungua hivyo huenda lisipone. Kama kuna watoto pale juu, ishike wewe.

Yule muuzaji hakunirudishia pesa zangu. Nilijikusanya tena, nikapata 8x42 iliyotumika, nikaijaribu kwenye waya wa stima barabarani huku wapita njia wakinicheka. Ndiyo niliyo nayo hadi leo. Ile ya mara ishirini wanachezea watoto, na mchana, kwa nanga iliyo mbali na ikiegemezwa ukutani, haina ubaya.

Ikifika tena 29 Shaabani, inshallah, tukutane juu ya paa.