Fahamu: Je, vijana wa Kenya wanaweza kulazimishwa kuingia jeshini?

Kambi ya Jeshi la Wanamaji iko Mtongwe, Likoni, mjini Mombasa, lakini hakuna kijana wa huko anayeshurutishwa kujiunga. Siku ya kuandikisha makurutu, vijana hufurika uwanjani kwa hiari yao, wakimbizwe, wapimwe urefu, wakaguliwe meno.

Kilichowahi kuwa lazima ni mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kwa waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu vya umma, tangu 1984 hadi 1990. Tanzania ilirudisha mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wahitimu wa kidato cha sita mwaka 2013. Wanaotaka Kenya ifuate husema ni dawa ya utovu wa nidhamu. Sikubaliani nao: kijana wa Kisauni, Mombasa, anadai kazi kwanza. Isitoshe, Kifungu cha 30 cha Katiba ya Kenya kinakataza kazi ya kulazimishwa.