Wajina si ndugu: Namna ya kusoma majina ya viongozi wa Kaskazini Mashariki

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, kaunti tatu za Kaskazini Mashariki zimeongozwa na magavana saba. Garissa ilianza na Nathif Jama Adam, akafuata Ali Bunow Korane, kisha Nathif akarudi 2022. Wajir ilianza na Ahmed Abdullahi Mohamad, akaja Mohamed Abdi Mohamud, na huyu alipoondolewa mamlakani 2021 naibu wake, Ahmed Ali Muktar, akashika usukani hadi Ahmed Abdullahi aliporejea mwaka uliofuata. Mandera imekuwa na Ali Ibrahim Roba na sasa ina Mohamed Adan Khalif.

Hebu hesabu. Ali yumo mara tatu, Ahmed mara mbili, na Mohamed, ukimjumlisha Mohamad wa Wajir, mara tatu. Adam wa Garissa na Adan wa Mandera ni jina moja lililoandikwa kwa tahajia mbili. Mtu anayesoma orodha hii akiwa Nairobi au Kakamega huenda akauliza: "Kwani hawa wote ni wa nyumba moja?"

Swali hilo si la kubezwa. Mwananchi ana haki ya kujua kama vyeo vinagawanywa mezani kwa mtu. Lakini anayetafuta jibu katika jina la mwisho atapotea mara mbili: atawaona ndugu pasipo na udugu, na ndugu halisi watampita mbele ya macho asiwatambue. Kiswahili kina neno la watu wanaochangia jina: ni wajina, na wengine husema somo. Wajina ni wajina tu. Udugu ni habari nyingine, na Kaskazini Mashariki habari hizo mbili hazikai mahali pamoja.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kwa desturi, Msomali hana jina la familia. Ana jina lake, likifuatwa na la baba, kisha la babu mzaa baba, na mnyororo huo unaendelea nyuma hadi anapochoka msimulizi. Mnyororo huo huitwa abtirsi, na watoto wengi hufundishwa kuukariri tangu wakiwa wadogo. Tuseme mzee mmoja anaitwa Hassan Ali Yusuf. Mwanawe Omar ataitwa Omar Hassan Ali. Binti wa Omar, tuseme Zahra, ataitwa Zahra Omar Hassan. Vizazi vitatu vya nyumba moja vimeishia kwa Yusuf, kwa Ali na kwa Hassan. Karani anayetafuta "jina la familia" hapo atapata matatu, na yote si ya familia.

Kanuni hii pia haimbadilishi mwanamke jina kwa sababu ameolewa. Mwaka 2017 wapigakura wa Ijara, Garissa, walimchagua Sophia Abdi Noor, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge. Kwa kanuni hiyo, Abdi na Noor ni baba na babu. Mume hatajwi. Kwa hiyo hata mke na mume wangeshika vyeo viwili katika kaunti moja, majina yao yasingekuambia kitu.

Hili si geni kwetu tunaosema Kiswahili. Mshairi wa Mombasa alikuwa Muyaka bin Haji, na mwimbaji wa Unguja alikuwa Siti binti Saad. Bin na binti zilikuwa zikisema wazi kwamba jina linalofuata ni la mzazi. Neno ubini, linaloonekana katika baadhi ya fomu za Kiswahili kwa maana ya jina la mwisho, limetoka mlemle. Baadaye bin na binti zikaachwa kuandikwa, majina yakabaki yamepangana bila kiungo, na mgeni akadhani la mwisho ni la ukoo.

Kwa nini basi wajina ni wengi hivyo? Kwa sababu majina yanayopendwa ni machache na wanaoitwa ni wengi. Mohamed, Ahmed, Ali, Abdi, Hassan na Ibrahim yamo karibu kila boma. Wasomali wenyewe wanalijua tatizo hili, na dawa yao ni lakabu, ambayo kwao huitwa naanays. Mrefu huitwa Dheere, mfupi huitwa Gaab, mdogo huitwa Yare. Lakabu haina haya, nayo humfuata mtu hadi ikulu: Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa rais wa Somalia kuanzia 2017 hadi 2022, anajulikana duniani kwa jina la Farmaajo, linalotokana na neno la Kiitaliano la jibini. Gavana wa Wajir naye watu wengi humwita Ahmed Jiir. Ukiuliza habari za "Ahmed Abdullahi" tu, utaulizwa: yupi?

Tahajia nayo huongeza mkanganyiko. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na katika maandishi hayo Ali huandikwa Cali, Hassan huandikwa Xasan, na Mohamed huandikwa Maxamed. Wasomali wa Kenya wamebaki na tahajia za ofisi za Kiingereza, ambazo hazina msimamo mmoja. Mohamed, Mohamad na Mohammed ni jina moja. Mohamud na Mahamud ni jina jingine kabisa, kama vile Kamau si Kamande. Mhariri anayemkuta "Mohamed Abdi Mohamud" akadhani ni kosa la chapa, akafanya majina yote mawili yawe Mohamed, amembadilishia mtu babu.

Sasa tuone palipo na udugu wa kweli. Jenerali Mahmoud Mohamed alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Katika miaka ya utawala wa Rais Moi pia, Hussein Maalim Mohamed wa Garissa alikuwa waziri. Hawa walikuwa ndugu. Lakini angalia: Maalim, neno ambalo sisi tunalitamka mwalimu, kwa kawaida ni cheo cha mwenye elimu ya Kurani. Asiyejua hivyo ataona Hussein ana "baba" ambaye Mahmoud hana. Miaka mingi baadaye akaja Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje kuanzia 2013, mzaliwa wa Kakamega. Mohamed wake haumfungamanishi na hao wawili hata kidogo; ni Mohamed mwingine.

Mfano wa pili ni wa Haji. Mzee aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, mbunge wa Ijara, waziri wa ulinzi na hatimaye seneta wa Garissa hadi alipofariki Februari 2021, jina lake kamili lilikuwa Mohamed Yusuf Haji. Nchi nzima ilimwita Yusuf Haji. Ukiyasoma majina hayo kwa kanuni tuliyoieleza, kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukimtaja baba yake na babu yake! Kiti chake cha useneta kilichukuliwa mwaka huohuo na mwanawe, Abdulkadir Mohamed Haji. Mwana mwingine, Noordin Mohamed Haji, aliteuliwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma 2018 na kisha mkuu wa Huduma ya Taifa ya Ujasusi 2023. Kwa kanuni ya kale wangeitwa Abdulkadir Mohamed Yusuf na Noordin Mohamed Yusuf. Yusuf amerukwa, Haji amebaki. Hapo tunaliona jina la babu likiganda na kuwa jina la familia, na chanzo cha kuganda huko ni umaarufu wa mtu mmoja. Hata hivyo, Haji wa Garissa hahusiani na kila Haji. Muyaka naye alikuwa wa Haji, na hakuna atakayemtafuta katika nasaba ya Ijara.

Kuganda huku kumetokea kwingine nchini, na si zamani sana. "Arap" katika Daniel arap Moi maana yake ni "mwana wa", ilhali Gideon Moi anaitwa Moi kama jina la familia. Katika nyumba ya Jaramogi Oginga Odinga, mwana mmoja alijulikana kama Raila Odinga na mwingine anajulikana kama Oburu Oginga. Ndugu wawili, baba mmoja, majina ya mwisho mawili. Wakenya hawakutatizika, kwa sababu waliijua nyumba. Garissa wengi wetu hatuijui nyumba, ndiyo maana tunaliegemea jina.

Wenzetu Wamarekani wana majina ya familia yaliyoganda karne nyingi, na bado hayawaokoi. Marais John Adams na John Quincy Adams walikuwa baba na mwana, sawa na Bush wawili. Lakini Andrew Johnson na Lyndon Johnson, waliopanda kutoka umakamu hadi urais baada ya marais wao kuuawa, mmoja 1865 na mwingine 1963, hawakuwa na udugu. Na Johnson ni nini? Ni "mwana wa John", yaani bin John iliyokauka.

Jimbo la Minnesota linafaa zaidi kwa somo letu. Lilipokea wahamiaji wengi wa Skandinavia, ambao kwao jina la mwisho lilikuwa la baba na lilibadilika kila kizazi, kama Garissa. Huko Marekani majina hayo yakaganda. Matokeo yake, Minnesota imekuwa na gavana C. Elmer Anderson kuanzia 1951, Elmer L. Andersen kuanzia 1961, na Wendell Anderson kuanzia 1971. Majina ya mwisho ya wawili wa kwanza yanatofautiana kwa herufi moja tu! Leo jimbo hilohilo ni makao ya Wasomali wengi. Zaynab Mohamed alichaguliwa katika seneti ya jimbo 2022, na Nadia Mohamed akachaguliwa meya wa St. Louis Park 2023. Jina Omar ni la mwisho kwa mbunge Ilhan Omar, na ni la kwanza kwa seneta wa jimbo Omar Fateh. Watoto wa watoto wao huenda wakaitwa Mohamed na Omar daima, kama wale Anderson.

Turudi nyumbani, kwenye fomu. Pasipoti, kwa kufuata utaratibu wa kimataifa, hugawa jina mafungu mawili, na fungu moja tunalitafsiri "jina la ukoo". Kwa mtu wa Wajir tafsiri hiyo ni kinyume cha mambo. Ukoo wake ni Degodia au Ajuran, au labda Garre, nao hauandikwi. Anachoandika ni jina la babu, kisha baba na binti wanafika dirishani na "koo" mbili, na karani anauliza: "Huyu ni mtoto wako kweli?"

Swali hilo lina historia chungu. Mwaka 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa ili kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi maalumu. Mtu alihojiwa kuhusu wazazi na nasaba yake, yaani ule mnyororo wa majina ambao fomu ya kawaida iliukata. Msasa wa namna yake uliendelea kwa vijana wa kaunti za mpakani waliotaka vitambulisho, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini tangazo la kuukomesha akiwa Wajir. Tangazo limeondoa kikao cha msasa. Halijaondoa kisanduku cha "jina la ukoo", na cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani na kitambulisho vikitofautiana kwa Mohamed na Mohamud, kijana bado atatumwa kwa chifu, kwa wakili na kurudi.

Basi tufanyeje? Kwa waandishi wa habari, mtajeni Msomali kwa jina lake la kwanza au kwa mawili ya kwanza: Gavana Nathif, au Nathif Jama. Ukiandika "Bw Adam alisema", kwa kanuni hii unayemtaja ni babu yake. Hivyo ndivyo hufanywa Iceland hadi leo, ambako hata waziri mkuu huitwa kwa jina lake la kwanza bila kuonekana ni utovu wa heshima. Msisahihishe tahajia ya jina kabla ya kumuuliza mwenyewe. Na mkitaka kuandika kwamba fulani amemwajiri ndugu yake, ulizeni majina manne au matano ya kila mmoja, kisha wauliziwe mama zao, kwa sababu udugu wa upande wa mama haumo kabisa katika mnyororo huu.

Kwa wanaoandaa fomu za serikali, neno la kutumia lipo tayari. Wekeni visanduku vitatu: jina lako, jina la baba, jina la babu. Mkikuyu ataweza kuvijaza, Mluo pia, na mtu wa Mandera atavijaza bila kusema uongo. Uchaguzi mkuu wa 2027 unakuja, na sajili ya wapigakura itakuwa na akina Mohamed Abdi Ali wengi kuliko tunavyoweza kukisia. Ni heri kila mmoja aandikwe kwa jina lake, kwa mpangilio wake, na kwa herufi zake.