Kompyuta kwenye kiti cha meno: faida iko kwenye daftari

MFANYABIASHARA wa Musoma au Bunda anayetafuta pa kuweka akiba yake nje ya samaki, pamba na nafaka huenda ameshashauriwa aajiri daktari na kufungua kliniki ya meno ya kisasa. Ushauri si mbaya. Kasoro yake ni kwamba wengi huanza kwa kuulizia bei ya mashine, na mashine ndizo zinazomeza mtaji.

Kifaa kinachosifiwa zaidi ni kihisi cha eksirei, kilicholetwa sokoni mwaka 1987 kwa ubunifu wa Mfaransa Francis Mouyen. Filamu ya kawaida hutaka chumba cha giza na dawa za kuoshea picha. Kihisi hutoa picha kwenye skrini kwa sekunde chache na kwa mionzi michache zaidi. Lakini bei yake ni maelfu ya dola, mashine ya mionzi bado inahitajika, na waya wake haustahimili kung'atwa na watoto. Juu ya hayo iko leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Mashine za kompyuta za kuchonga kofia za meno, zilizoanzia Zurich mwaka 1985, zinaweza kusubiri.

Kwa mtaji mdogo, pa kuanzia ni kompyuta moja ya mezani, betri ya kuvuka katizo la umeme, na daftari la wagonjwa lililopangwa vizuri. Kila jino lina namba yake ya kimataifa: 36 ni gego kubwa la kwanza la chini kushoto, iwe Bunda, Bugando au Muhimbili. Namba hiyo ni fedha. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hukilipa kituo baada ya kupokea madai. Karani anayeandika "jino la kushoto limezibwa" amempa mlipaji sababu ya kuuliza maswali, na malipo hukaa huko huko wakati mishahara inadaiwa.

Daftari hilo hilo huonyesha nani hakurudi. Tiba ya mzizi wa jino mara nyingi huhitaji zaidi ya safari moja. Mgonjwa wa Butiama asiyekumbushwa kwa simu hukaa nyumbani maumivu yakipoa, na baadaye hurudi kung'oa. Kliniki imepoteza mapato, naye amepoteza jino. (Kazi ya meno si ngeni Butiama: Mwalimu Nyerere mwenyewe alichongwa meno ujanani kwa desturi ya Wazanaki, bila faili wala risiti.) Hata ganzi ina tarehe ya kuisha muda, na kompyuta huiona kabla ya mwenye duka.

Ushindani upo. Hospitali za serikali zinatumia mfumo wa GoT-HoMIS, na Musoma ina hospitali ya rufaa Kwangwa. Mteja wa kliniki binafsi hulipia kutosubiri foleni, hivyo faili lake lisitafutwe nusu saa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa faili hizo pia. Kabla ya kulipia programu, muuzaji aulizwe nani mwingine anaweza kuzifungua, nakala inahifadhiwa wapi, na kama kliniki itaondoka na kumbukumbu zake zote siku ikihamia kwa muuzaji mwingine.