Nishani Yenye Jina na Nishani Bubu

Ukionyeshwa nishani saba za Mwingereza aliyepigana vita vyote viwili vikuu, usishughulike na nyuso zake. Zigeuze. Tatu ni za vita vya 1914 hadi 1918: nyota ya shaba, nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, na ile ya ushindi yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua. Nyota ina jina la mwenyewe mgongoni. Hizo mbili za duara zimechorwa ukingoni namba, jina na kikosi chake. Nne zilizobaki ni za vita vya 1939 hadi 1945, nazo ni bubu. Uingereza ilikwepa gharama, ikazitoa bila jina. Zikishauzwa hujui tena zilikuwa za nani.

Askari wetu wa King's African Rifles walipewa kwa kawaida hiyo hiyo. Aliyewafukuza Wajerumani Tanganyika ana fedha yenye jina lake. Mwanawe aliyekwenda Burma mwaka 1944 ana nyota isiyomtaja.

Sasa twende Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, kwenye masanamu ya askari yaliyozinduliwa 1928. Sisi wa Mombasa tunayo ndugu yake pale Mwembe Tayari, kazi ya mchongaji mmoja, James Stevenson. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, hivyo aliyepita chuoni hahitaji mkalimani. Yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Hapana hata moja lililoandikwa pale! Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na tume inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ukitoka mjini kuelekea magharibi kwa Ngong Road, utafika makaburi ya vita yaliyofunguliwa 1941. Huko mambo ni kinyume: vita vya nishani bubu, lakini majina yameandikwa. Yamo ya wapiga mizinga wetu waliopanda Khedive Ismail hapo Kilindini, Februari 1944, kwenda Ceylon. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiotimia dakika tatu. Walikufa watu zaidi ya 1,200.

Wapagazi hawana ukuta kama ule. Ndiyo maana ukingo wa nishani ya fedha una thamani kuliko fedha yenyewe, na nyingi zimekwisha kuyeyushwa na masonara. Kama iko moja sandukuni kwenu, msiisugue kwa majivu. Chukueni kalamu kwanza, mnakili namba na jina kama yalivyochorwa, hata kama karani aliyakosea.